Tanga ya Zamani Bado Iko Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, mjukuu wa mkata mkonge. Kila mwaka wageni na hata ndugu zetu wa Dar huniuliza maswali yaleyale kuhusu majengo ya zamani, mashamba ya mkonge na maduka ya familia ambayo hayajafungwa. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Tanga inaitwa mji wa viwanda. Viwanda viko wapi?

Vipo, ila vingi si vile ambavyo wazee wanavisimulia. Saruji bado inazalishwa Pongwe, kwenye kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1980, na mwamba wa chokaa unaotumika ni uleule uliotupatia Mapango ya Amboni. Kiwanda cha mbolea kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilifungwa miaka ishirini baadaye, na kuna watu wazima mjini ambao hadi leo wakikutajia saa ya kutoka kazini wanamaanisha saa ya king'ora cha pale.

Ila ukitaka kuuelewa mkoa huu, usianze na mabomba ya moshi. Anza na jani. Kabla ya saruji, chuma, mbolea na sabuni, kulikuwa na mkonge, na huo ndio uliojenga karibu kila kitu unachokiona: reli, bandari, umeme, vitongoji vya wafanyakazi, hata majumba ya matajiri kule Raskazone. Maporomoko ya Pangani yalianza kuzalisha umeme mwaka 1936, na wateja wake wakubwa walikuwa mashamba ya mkonge pamoja na mji wa Tanga.

Huo mkonge ulitoka wapi? Si wa kwetu?

Si wa kwetu kwa asili. Ulitoka Meksiko, ukapitia Florida. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000. Safari ilikuwa ndefu, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ni 62 tu. Hiyo 62 ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Pangani.

Kila nikivuka kwa kivuko pale Pangani nawaza hesabu hiyo. Miche sitini na miwili, unaweza kuibeba kwenye toroli moja. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inazalisha tani 230,000 hivi kwa mwaka, na hakuna nchi duniani iliyotuzidi.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba na sisi tuliirudishia dunia mbegu. Katika kituo cha utafiti cha Mlingano, karibu na Ngomeni wilayani Muheza, watafiti walichanganya aina kadhaa za mkonge wakapata aina inayojulikana kwa namba 11648. Inatoa majani mengi zaidi kuliko ile ya Hindorf kabla ya kuota mlingoti na kufa. Mkonge unaolimwa China hii leo, kwa sehemu kubwa, ni aina hiyo ya Mlingano. Kituo bado kipo na bado kinafanya utafiti. Mimi nakihesabu kuwa moja ya mahali pa kihistoria penye thamani kubwa mkoani, ingawa hakina mnara wala kibao cha utalii.

Naweza kuona korona ikifanya kazi?

Ndiyo, na usiondoke Tanga bila kuiona.

Kwa wasiojua: korona ni mashine kubwa ya kuchakata majani, na kwa mazoea jengo zima linaitwa hivyohivyo. Mtu akikwambia “nafanya kazi korona” anamaanisha yuko kiwandani shambani, si kwenye ukataji. Majani yanakatwa kwa kisu, yanafungwa mafungu, yanasombwa hadi korona. Zamani yalisombwa kwa vibehewa vya reli ndogo zilizosambaa shamba zima, na mabaki ya reli hizo utayaona yamezama kwenye nyasi, mengine yamegeuka nguzo za uzio. Ndani, jani linapondwa na kukwanguliwa huku maji yanamwagika, na upande wa pili zinatoka nyuzi za kijani kibichi. Zinaanikwa kwenye mistari ya waya juani mpaka ziwe nyeupe, zinapigwa brashi, zinapangwa kwa madaraja, kisha zinashindiliwa kuwa marobota ya kilo 250.

Harufu yake sitajaribu kuisifia. Ni kali, ya uchachu, na inatokana na makapi, kwa sababu katika jani zima nyuzi ni kama asilimia 4 tu kwa uzito. Yaliyobaki yote yalikuwa yanamwagwa. Miaka ya 2000 pale Hale ukajengwa mtambo wa kutengeneza gesi na umeme kutokana na makapi hayo, wa kwanza wa aina yake kutumia mabaki ya mkonge.

Ukifika, nenda kwanza ofisi ya shamba. Usiingie korona moja kwa moja hata ukiona geti wazi, maana mikanda ile haina huruma. Omba kuzungushwa na mtu wa zamu. Mwenye bahati atapewa mzee aliyeanza kazi kijana, na mzee huyo atakuonyesha mashine kwa majina ya watu walioiendesha kabla yake.

Manamba walikuwa nani? Nasikia hilo ni neno la kudharau.

Inategemea linatamkwa na nani. Neno limetokana na namba: mfanyakazi wa mkataba alisajiliwa, akapewa namba, akaitwa kwa namba. Wenyeji wa pwani, Wadigo, Wabondei na Wasegeju, wengi wao hawakutaka kazi ya mkonge kwa masharti yale, kwa hiyo watu walitafutwa mbali. Walitoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Rwanda, Msumbiji. Kuanzia mwaka 1944 kazi ya kuwakusanya ilikuwa mikononi mwa ofisi moja ya wenye mashamba, ambayo wazee wanaiita SILABU mpaka leo.

Babu yangu alikuja kwa njia hiyo. Kuna kitu alikishikilia mpaka kufa: kipande. Ni kadi ya kazi. Kila siku uliyomaliza kipimo chako ulichorewa, na malipo yalikuja baada ya kutimiza siku 30 za kazi, si siku 30 za kalenda. Ukiugua, au mnyapara akikataa mafungu yako, siku haikuhesabiwa. Mwezi wa kipande ungeweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni.

Kwa hiyo ukinisikia nasema “sisi watoto wa manamba”, najivunia. Mgeni akisema “hao manamba” kwa kicheko, kunakuwa na ukimya barazani. Tafadhali uzingatie hilo.

Mikataba iliisha, wengi hawakurudi makwao. Ndiyo maana katika vijiji vya mashamba, kutoka Muheza hadi Korogwe, utakuta ngoma za Kirundi na sindimba la Kimakonde kwenye harusi moja. Kambi zenyewe, zile nyumba za mistari zilizojengwa na makampuni, nyingi bado zinakaliwa na wajukuu. Kwa maoni yangu kambi hizi ni urithi sawasawa na jengo lolote la mkoloni pale mjini, na zinaanguka haraka zaidi kwa sababu hakuna anayezihesabu.

Mjini kumebaki majengo gani ya wakati wa Wajerumani?

Mengi kuliko watu wanavyodhani, na karibu yote unaweza kuyafikia kwa miguu au kwa baiskeli asubuhi moja.

 Anzia kwenye mnara wa saa wa mwaka 1901, na hatua chache tu kuna Boma la zamani, ambalo sasa lina makumbusho ya Urithi Tanga. Ingia. Picha za zamani za mji zilizotundikwa mle zitakusaidia kuyatambua majengo mengine utakapotoka, maana mengi yamebadilishwa paa, rangi na kazi. Ukifuata barabara ya ufukweni kuelekea Raskazone utafika Bombo, penye hospitali ya rufaa ya mkoa. Ndani ya eneo lake kuna jengo kubwa la Kijerumani linaloitwa Cliff Block, limekaa ukingoni likitazama ghuba. Jengo lile linaniumiza. Huduma zilihamia majengo mapya, likabaki bila kazi, na paa lisilo na mtu chini yake huku pwani halidumu: chumvi inakula vyuma, mvua inaingia, miti inaota ukutani.

Ulinganishe na kituo cha reli, au na Shule ya Tanga, iliyoanzishwa na Wajerumani miaka ya 1890 kuwasomesha makarani na walimu Waafrika. Hapo shuleni ndipo lilipochapwa gazeti la Kiongozi, la Kiswahili, tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Shule ina watoto mpaka leo. Mtu akivunja dirisha, kuna mwalimu wa kuuliza. Ninachokiona mimi, miaka yote hii, ni kwamba jengo la Tanga linaokolewa na ufunguo unaozungushwa kila asubuhi. Walioshika funguo hizo ni watu wa kawaida sana: mlinzi, mwalimu, mwenye duka, mpiga kengele wa stesheni.

Treni bado inakuja?

Ya mizigo, ndiyo. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, na ndiyo reli ya kwanza katika ardhi ya Tanzania Bara. Ilisogea taratibu mno: Korogwe ilifika mwaka 1902, Moshi ikasubiri hadi 1911. Baadaye, mwaka 1963, ikaungwa na Reli ya Kati kwa kipande cha kutoka Ruvu hadi Mruazi.

Ililala miaka mingi mpaka watu wakaanza kulima mihogo pembeni ya mataruma. Mwaka 2019 ikafufuliwa, treni ya mizigo ikaenda Moshi, na Desemba mwaka huohuo abiria wakaanza tena kusafiri kutoka Dar es Salaam hadi Moshi. Treni hiyo ya abiria inapita Korogwe, haiingii Tanga mjini, kwa hiyo wageni wengi huchanganyikiwa. Ukiipanda, shukia Korogwe utafute basi.

Kuna na tawi lililokufa ambalo nalipenda kuliko yote. Kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walijenga reli nyembamba ya kubebea magogo. Mataruma yameondoka, lakini nyumba ya stesheni ya Sigi ipo na inatumika: ndiyo inayowapokea wageni wa hifadhi ya msitu wa Amani. Unakaa barazani pake ukinywa chai, na barabara ya vumbi mbele yako inafuata mlemle ilimopita reli.

Je, kuna biashara za familia za zamani kweli? Nilisikia zote zilitaifishwa.

Hili ndilo swali gumu, naomba nilijibu polepole.

Kubwa zilitaifishwa, kweli. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Kisha mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hiyo ya pili ndiyo iliyoligusa duka la mtaani, hasa la Mhindi. Familia iliyojenga ghorofa, ikaishi juu na kuuza vitambaa chini, ililala ikiwa mwenye nyumba ikaamka mpangaji. Wengi waliondoka kwenda Uingereza na Kanada. Wako waliobaki, wakalipa kodi ya chumba kilichojengwa na babu yao, wakafungua mlango kesho yake kama kawaida.

Halafu bei ya mkonge ikaanguka kwa sababu ya kamba za plastiki, mashamba yakaota magugu, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa chini ya tani 30,000. Mji uliotegemea mshahara wa mkonge ukakosa wanunuzi. Kwa hiyo duka la Tanga lililovuka miaka ya 1970, 1980 na 1990 limevuka mito mitatu yenye mamba. Usilipite tu.

Sina nia ya kusema nani alikuwa na haki mwaka 1967. Babu yangu alishangilia siku ile, na alikuwa na sababu. Jirani yake wa Barabara ya Pili alilia, naye alikuwa na sababu. Wote wawili walikuwa watu wa Tanga, na walizikana.

Akina Karimjee waliishia wapi?

Bado wapo kwenye biashara. Hesabu yao inaanzia Unguja mwaka 1825, familia ya Mabohora kutoka Kachi, India, walioanza na biashara ya mazao ya pwani. Karne iliyofuata wakaingia kwenye mkonge na kuwa miongoni mwa wenye mashamba wakubwa wa Tanganyika. Mmoja wao, Abdulkarim Karimjee, ndiye aliyekuwa Spika nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, na ukumbi wa Karimjee wa Dar es Salaam ndimo lilimokutana bunge la kwanza.

Tanga, alama yao iliyo wazi zaidi ni Shule ya Sekondari Usagara, ambayo zamani iliitwa Karimjee. Mashamba yalikwenda na utaifishaji. Familia ikabaki nchini, ikasimama upya kwa biashara ya magari. Ukiona gari la Toyota lililouzwa na wakala wa Tanzania, nyuma yake kuna nyumba hiyohiyo ya biashara ya mwaka 1825. Biashara chache mno za Afrika Mashariki zimedumu hivyo mikononi mwa ukoo mmoja.

Hao ni matajiri. Familia za kawaida je?

Hapo sasa umefika Ngamiani.

Ngamiani ni mji wa Waswahili uliopimwa kwa barabara zenye namba. Mtu anakwambia “niko Barabara ya Kumi na Mbili” na unampata. Nyumba ni za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma, na baraza mbele. Baraza ndilo duka. Kwenye baraza la nyumba moja fundi cherehani ameketi palepale alipoketi baba yake, kwa cherehani ileile ya kukanyaga. Nyumba ya tatu, mama anachoma mikate ya mofa alfajiri, mwanawe anaipeleka kwa baiskeli. Hawana leseni ya mwaka fulani iliyotundikwa ukutani. Ukimuuliza “biashara hii ina miaka mingapi?” atakujibu “mimi nimeikuta.”

Tanga ni mji wa baiskeli, tambarare kama kiganja, na fundi baiskeli ni taasisi. Wapo mafundi ambao babu zao walianza kwa kutengeneza baiskeli za makarani wa bandari na wapimaji wa mashamba. Sanduku la spana linarithiwa. Nilimfahamu fundi mmoja wa Makorora ambaye hakukubali mtoto aguse spoku kabla hajaosha mnyororo mwezi mzima. Leo pikipiki zimewabana, na wengi wao wameanza kutengeneza bodaboda ili jina la baba lisifutike mtaani.

Kwa chakula, nenda Patwas, karibu na soko. Ni mgahawa wa familia, umedumu miongo mingi, na juisi zake zimewalea wanafunzi, mabaharia na makarani wa vizazi kadhaa. Kwa vitambaa na kanga, pita madukani kandokando ya soko na utazame juu, siyo chini: majina na miaka iliyochongwa kwenye paji la jengo ndiyo kumbukumbu ya walioyajenga. Wakati mwingine jina la juu na jina la bango la chini ni la ukoo mmoja. Mara nyingi si hivyo. Kwa vyovyote vile, mwamkie mzee wa dukani, nunua kitu japo pini, ndipo uulize.

Magofu ya Tongoni na Mapango ya Amboni yanahusiana nini na haya?

Yanatukumbusha kwamba mji huu ulikuwa wa biashara kabla jani la kwanza la mkonge halijapandwa. Tongoni iko kilomita 20 hivi kusini mwa mji. Kuna gofu la msikiti wa karne ya 14 au 15 na makaburi kama 40, mengine yenye nguzo, na hakuna mahali pengine pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi kwa pamoja kama hapa. Vasco da Gama alipita mwaka 1498, na mwaka uliofuata, akirudi kutoka India, aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, karibu na hapo kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha. Ghubani, mbele ya mji wenyewe, kuna kisiwa cha Toten chenye magofu ya misikiti na makaburi. Unakodi mtumbwi.

Amboni ni kilomita 8 hivi kaskazini, njia ya Mombasa. Chukua mwongozaji. Watu bado wanakwenda kutambika pale, kwa hiyo ukikuta ubani na kitambaa, usiguse.

Vita vya nyuki vilitokea kweli?

Vilitokea. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi la watu 8,000 hivi, wengi wao Wahindi, wakakutana na watu wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliokuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Katikati ya mapigano nyuki wakatoka kwenye mizinga wakawavamia wapiganaji. Waingereza walishindwa, kwa hasara ya zaidi ya watu 800 kati ya waliokufa na waliojeruhiwa, wakarudi melini. Sababu kuu ilikuwa uongozi mbovu na reli: treni ziliwaleta askari wa Kijerumani kutoka Moshi kwa wakati. Makaburi yapo mjini na yanatunzwa. Waafrika waliobeba mizigo na waliokufa pande zote mbili hawana jiwe lenye jina.

Sheria inalinda majengo haya?

Kwa sehemu, na sehemu hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Tongoni imo. Boma, stesheni, Cliff Block, kambi za mkonge na maduka ya Wahindi, yote ni ya baadaye, kwa hiyo yanahitaji kutangazwa rasmi na waziri, moja baada ya jingine.

Hili si jambo la vitabuni tu. Bandari imepanuliwa, na Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Ardhi ya mji imepanda bei. Nafurahi kazi zinarudi, vijana wetu walikuwa wamechoka kuhama. Lakini mwenye ghorofa la mwaka 1930 anayepewa fedha za kujenga jengo la vioo hana sababu ya kukataa, labda tu tumpe sababu: kodi nafuu, mkopo wa kukarabati, mpangaji wa kudumu.

Naruhusiwa kupiga picha?

Majengo ya mitaani, piga. Bandari, stesheni, madaraja na ofisi za serikali, omba ruhusa kwanza. Watu, omba ruhusa siku zote, na ukikataliwa usirudie.

Nina siku mbili tu. Nifanye nini?

Siku ya kwanza kodi baiskeli. Asubuhi mnara wa saa, Boma na ufukweni hadi Bombo. Mchana Patwas. Jua likipoa, Ngamiani, bila ramani, barabara ya kwanza hadi utakapochoka. Siku ya pili panda basi asubuhi Kange, nenda Muheza, kula machungwa, kisha shamba la mkonge ulilopanga nalo mapema. Ukiwa na ya tatu, nenda Pangani ukavuke kwenda Kikogwe.

Nyumbani tuna kipande cha babu na risiti za duka la zamani. Nizifanyie nini?

Umefanya vizuri kutozitupa. Usizibandike kwa gundi wala selotepu, na usizifunge kwa plastiki ya moto: karatasi ya zamani ikishafungwa hivyo haitoki tena. Zitandaze mezani kivulini karibu na dirisha, zipige picha mbele na nyuma, ziweke kwenye bahasha safi mbali na mchwa na unyevu. Kisha keti na mtu mzima kuliko wote nyumbani, mwulize kila jina lililoandikwa ni la nani, alitoka wapi, aliishi kambi gani au barabara ya ngapi. Andika kwa penseli kwenye bahasha, tia na tarehe ya siku hiyo. Nakala ya picha wapelekee makumbusho ya Urithi pale Boma, na karatasi yenyewe irudi kabatini kwenu.